Hadi Tala Elfu Mbili

Waraka ulifika Jumatano, umelowa pembe moja,
Iopu dereva ameukalia njia nzima
tangu gati la Salelologa.
Kumbukumbu namba ndefu kama mkia wa tiara.
Yah: Kukasimu madaraka.
Mkuu wa kituo, kuanzia tarehe mosi Julai,
ataidhinisha mwenyewe, bila kuuliza Apia,
matumizi yasiyozidi tala elfu mbili.

Bwana Peniamina aliusoma amesimama.
Akaketi. Akausoma tena.

Miaka ishirini na sita mkono wake uliandika neno moja,
Napendekeza,
na chini yake jina, P na mkwaruzo,
limeinama kama mtu apitaye mbele ya wakubwa walioketi,
mgongo umekunjwa, mdomoni tulou, tulou.
Napendekeza pampu.
Napendekeza, kwa heshima na taadhima, balbu nne.
Karatasi ikavuka mlango wa bahari,
ikalala kwenye trei ya mtu, ikaamka, ikapanda ghorofa,
ikarudi mwezi wa tatu na swali:
Kwa nini nne?

Mimi ndiye niliyekuwa nikijibu.
Losivale, karani daraja la tatu.
Nikaandika: kwa kuwa vyumba ni vinne.
Wakaandika: je, vyote vina giza?
Balbu nilinunua mwenyewe, kwa pesa ya nauli.

Julai ilipoingia, jokofu la chanjo likazima.
Muuguzi Emele akaja na kidhibiti joto kiganjani,
cheusi, kinanuka.
Kipya tala mia sita na arobaini,
kipo dukani, nimekiona, nimekishika.
Nyuma yake sanduku la barafu linatiririka
hadi chini ya dawati langu.

Nikamwekea mkuu fomu mpya.
Neno lake halikuwemo.
Palipokuwa na Napendekeza
sasa pamechapwa Naidhinisha.

Akashika kalamu. Akailaza.
Akafuta miwani kwa pindo la lavalava.
“Losi, wakisema nimekosea?”
“Watakuandikia barua.”
“Na kama nimekosea kweli?”

Hapo sikuwa na neno.
Zamani kosa lilikuwa la Apia,
tulililaani kwa raha, kama watu wanavyolaani mvua
wakiwa barazani, miguu mikavu.
Tulililia mpini miaka yote.
Nani alikumbuka kwamba kisu huja kizima?

Akapiga simu wizarani. Ikaita, ikaita.
Sauti ya kijana, ina haraka:
“Bwana, si mnao waraka?”
Ikakatika.

Emele hakusema kitu. Maji yalisema.

Akasaini.
Jina likatoka kubwa, limeruka mstari,
herufi zote nane na moja, Peniamina,
la mwisho limechana karatasi.
Iopu akaondoka na gari kwa kasi isiyoruhusiwa na waraka wowote.

Ningependa kuishia hapo.

Lakini kalamu ikishazoea mkono, mkono hunenepa.
Siku hizi sabuni hupita kwake. Ufagio hupita kwake.
Emele akitaka uzi, aandike;
akiandika, angoje;
trei ni ileile ya mbao, imehama tu bahari.
Wiki jana nilipeleka ombi la balbu.
Akaniangalia juu ya miwani,
na naapa hakujua anayesema ni nani mdomoni mwake:
“Kwa nini nne?”

Nikarudi mezani pangu, nikachapa waraka.
Yah: Kukasimu madaraka.
Karani daraja la tatu na muuguzi wa zamu,
kila mmoja, hadi tala hamsini.
Nikauweka juu ya treini yake, sikubisha hodi.

Siku nne aliutumia kuwekea kikombe.
Leo asubuhi nimeukuta umerudi,
una duara la kakao,
na pembeni, kwa penseli, limeinama,
neno lake la kale:
Napendekeza.

Kwa nani, hakusema.
Nimechonga penseli nyingine,
nimempelekea.